Gramu Mia Nane

Kadi ya kliniki ya mwanangu wa kwanza bado ninayo. Imechakaa kwenye mikunjo na ina doa la mafuta ya taa pembeni, lakini namba zake zinasomeka. Wiki moja kabla hajaugua aliandikiwa kilo 8.5. Jumamosi moja ya Julai 2011, saa nne asubuhi, mizani ya hospitali ilisema 7.7. Niliitazama ile namba kuliko nilivyomtazama mtoto mwenyewe, na mpaka leo naona aibu kulisema hilo. Ila mizani ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa karani wa mizani kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na mtu akinionyesha namba mbili kichwa changu kinatoa kabla sijakituma.

Gramu mia nane.

Mtoto hawezi kupoteza nyama kiasi hicho kati ya Alhamisi na Jumamosi. Kilichotoka ni maji. Na aliyefanya kazi ya dagaa anajua vizuri maji yana uzito gani. Unawaanika asubuhi wakiwa wabichi, jioni unawakusanya. Ni walewale, hakuna aliyekimbia, lakini gunia unaliinua kwa mkono mmoja. Mnunuzi mgeni hugomba, akidhani kaibiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza wageni hao kwamba jua limechukua fungu lake. Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya mizani ya saa ya kuning'iniza, ndugu kabisa ya ile niliyopimia samaki kila siku, na aliyening'inia alikuwa mwanangu.

Anaitwa Kabula. Kwetu Usukumani ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa mvua zikinyesha, naye alizaliwa Novemba 2010, usiku ambao maji yalikuwa yakiteremka kwenye mawe ya Igogo kwa vishindo. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili huko juu. Anayeijua Mwanza anazijua nyumba zile zilizokalia majabali kama kuku waliopanda kulala. Maji tulinunua kwa ndoo kutoka chini, na choo kilikuwa kifupi kwa sababu mwamba hauchimbiki. Nayataja haya mapema kwa kuwa msomaji wa mjini atakuwa ameshaanza kusema moyoni, aha, ndiyo maana. Subiri kidogo. Nitarudi hapo.

Ilianza Alhamisi, yapata saa mbili usiku. Alitapika maziwa yote aliyonyonya, akatapika tena, kisha akawa anakakamaa kutapika na hakuna kitu. Mwili ukawa wa moto. Kufika saa tano akaanza kuharisha maji matupu, ya njano iliyoingia ukijani, bila damu, nepi inalowa kabla hujamaliza kuifunga.

"Meno hayo," alisema mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Sengerema. Akamfungua mdomo kwa kidole, akanionyesha fizi. Kweli ilikuwa imevimba.

Nimefikiri sana juu ya maelezo ya meno tangu siku ile. Nguvu yake ni kwamba hayakosi ushahidi. Kuharisha kunakoletwa na rota, kirusi cha utumbo wa watoto, humkamata mtoto vibaya zaidi kati ya miezi sita na miaka miwili, na huo ndio umri ambao meno yanatoka moja baada ya jingine. Ukimfungua mdomo mgonjwa wa umri huo utaona jino linachungulia. Ungemfungua na wa jirani anayecheza mzima ungeliona vilevile, lakini mtoto anayecheza nani anamfungua mdomo? Basi tukalala, kama kule kulikuwa kulala. Meno yalichukua saa kumi.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nikaenda kazini. Lazima nieleze kwa nini, si kwa kujitetea. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawajikusanyi kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mwezi wetu wa kazi ulikuwa na majuma ya shibe na majuma ya kukaa, na ile ilikuwa giza kamili, mitumbwi inarudi imejaa. Karani asiyeonekana siku hizo anakuta daftari lake liko kwa mwingine. Nikamwacha Kabula na wifi yangu, nikamwachia na maziwa niliyokamua kwenye kikombe. Nikarudi saa kumi jioni. Saa nyingine kumi hizo, na hizi sina wa kumwandikia ila mimi mwenyewe.

Wifi alikuwa hajampa maji tangu saa tatu. "Nikimpa anatapika, yakikaa anaharisha. Nikaona bora tumbo lipumzike." Mtu akikwambia hivyo ni vigumu kumpinga, kwa sababu anachosema amekiona kwa macho. Ndoo iliyotoboka huachi kuijaza? Lakini mtoto si ndoo, na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani ningelijua siku moja kabla: kinachohitajika ni kuyaingiza maji haraka kuliko yanavyotoka, hata kwa kijiko, hata akitapika nusu yake.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji aliniuza Flagyl ya maji na antibayotiki nyingine ya kuchanganya. Dawa hizo zina kazi zake, lakini kwa kirusi hazifanyi chochote. Pakiti za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, zilikuwa ndani ya boksi juu ya kaunta, nyuma ya chupa za soda. Hakunipa, nami sikuomba. Nikisema kweli, angenipa ile pakiti peke yake ningeona amenidharau. Mtu uliyekuja na hofu kifuani unataka dawa yenye rangi, yenye harufu, yenye bei. Chumvi na sukari ndani ya karatasi inaonekana kama kitu cha kumpa asiye na pesa. Tukampa dawa, tukakaa kuitazama ifanye kazi. Saa nne.

Usiku wa Ijumaa ndio mgumu kuusimulia. Kabula alikuwa ameacha kulia, na tukaona ni nafuu. Mlango wa pili alikaa mama mmoja mwenye roho nzuri kabisa, ambaye alikuja na taa, akamwangalia, akatoa hukumu: meno ya plastiki. Kwa asiyeyajua, ni imani iliyoenea Tanzania tangu miaka ya 1980, kwamba mtoto mwenye homa na kuharisha ana meno bandia yanayoota chini ya fizi, meupe na laini, na kwamba yasipotolewa atakufa. Hayo meupe na laini ni machipukizi ya chonge zake za utotoni. Wanaoyatoa huyakwangua bila ganzi, kwa kisu, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Watoto wametokwa damu nyingi, wamepata maambukizi, na wengine wamekufa kwa tiba hiyo. Alikuwepo mzee ng'ambo ya reli, jirani alisema, hata usiku anafungua.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, yuleyule wa meno. "Mayu," alimwambia jirani, kwa upole uliokuwa na mwiba, "mjukuu wangu hakwanguliwi na chuma cha baiskeli." Wakabishana mpaka saa sita. Mume wangu alikuwa visiwani na simu yake haikupatikana. Kutoka mlangoni kwetu hospitali ya Bugando ilionekana juu ya kilima chake, taa zinawaka usiku kucha. Umbali haukuwa shida yetu.

Shida yangu ilikuwa kwamba miezi miwili nyuma, kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja, nilimsikia muuguzi akimwambia mama mwenzetu mbele ya benchi zima: "Mtoto anaharisha kwa sababu ya uchafu wenu." Yule mama alikunja kanga yake akatazama chini, na sote tukasogea kidogo, kila mtu akihakikisha kwamba hakukaa naye. Mimi pia nilisogea. Usiku ule wa Ijumaa nilikuwa naiona sura yake. Nikajiambia nitasubiri kupambazuke, niichemshe chupa, nimwogeshe, nimvike gauni jipya, ndipo niende. Saa kumi.

Jumamosi alfajiri zahanati, foleni, saa nne, halafu karatasi ya rufaa. Hizo nazipita. Ukizijumlisha saa zote hizo, tangu zile za meno, zinafika thelathini na nane.

Daktari alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Alifinya ngozi ya tumbo la Kabula kwa vidole viwili akaiachia. Ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa, ikarudi polepole. Akapapasa utosi, ulikuwa umebonyea. Macho yalikuwa yameingia ndani. Akajaribu kumpa maji kwa kijiko, mtoto hakuweza kunywa. "Mara ya mwisho kulia na machozi ni lini?" Sikukumbuka. Halafu akauliza lile swali: "Imeanza saa ngapi?" Nikamjibu kwa usahihi wa karani, saa mbili usiku, Alhamisi, na nilipomaliza kulitamka neno Alhamisi nilisikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa mbali.

Mshipa ulipatikana mara ya nne, kichwani, baada ya kumnyoa upande mmoja. Daktari alipiga hesabu kwa sauti huku akiandika. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekaukiwa vibaya hupewa mililita 100 za dripu kwa kila kilo: 30 kwa saa ya kwanza, 70 zilizobaki kwa saa tano. Kilo 7.7. Jumla mililita 770. Nikashtuka. Lita moja ya maji ni kilo moja. Maji aliyokuwa anarudishiwa yalikuwa karibu sawasawa na uzito aliopoteza. Sijawahi kuona daftari likifunga vile, hata kwa tajiri mwaminifu.

Saa saba na nusu hivi alilia, na machozi yakatoka. Mama mkwe akaketi chini sakafuni.

Hakuna aliyempima kinyesi ili kujua ni nini hasa. Daktari alisema tiba ni ileile, na kwamba kwa umri ule, kwa kutapika kulikotangulia, kwa maji yasiyo na damu, na kwa miezi ile mikavu yenye ubaridi, anadhani ni rota. Nilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza pale. Ni neno la Kilatini, maana yake gurudumu, kwa sababu kirusi chenyewe ukikitazama kwenye darubini ya elektroni ni cha mviringo, na kina vijiti vifupi vinavyotoka kitovuni kwenda ukingoni. Baadaye niliposoma hilo nilikumbuka ile spoku ya ng'ambo ya reli, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Kilichonishangaza zaidi ni mwaka. Kirusi hiki kilionekana ndani ya utumbo wa watoto wanaoharisha mwaka 1973, huko Melbourne, Australia, na Ruth Bishop na wenzake. Kabla ya hapo madaktari wa nchi tajiri na wa nchi maskini walikuwa sawa na mama mkwe wangu: wanaona mtoto anaharisha mpaka anakauka, na mara nyingi hawajui kwa nini. Kila mtu akajaza pengo kwa alichonacho. Kwetu tukajaza kwa meno, kwa jicho baya, kwa kubemendwa, yaani kwamba wazazi hawakutulia mtoto akiwa bado ananyonya. Kliniki ikajaza kwa uchafu. Ukizitazama vizuri, karibu zote zinamwelekea mama.

Sasa nirudi kwa yule msomaji wa mjini na ndoo zangu za Igogo. Maji safi na sabuni ni lazima, nani asiyejua, sisi tunaokaa kando ya ziwa tumezika watu wa kipindupindu. Lakini rota ina tabia yake. Gramu moja ya kinyesi cha mtoto mgonjwa yaweza kuwa na chembe za kirusi zaidi ya bilioni kumi, na kumwambukiza mwingine zinatosha chini ya mia. Hukaa kwenye kitasa, kwenye kijiko, kwenye mwanasesere, siku nyingi. Karibu kila mtoto duniani huipata kabla ya kutimiza miaka mitano, mwenye bomba la dhahabu na mwenye ndoo. Marekani, kabla ya chanjo, ilikuwa ikilaza hospitalini watoto kati ya 55,000 na 70,000 kila mwaka kwa ajili ya rota. Hao maji yao yanatoka ukutani, ya moto na ya baridi. Waliokufa huko walikuwa kati ya 20 na 60 kwa mwaka. Dunia nzima, mwaka 2000, walikuwa zaidi ya nusu milioni, wengi wao Afrika na Asia Kusini.

Natamani kila muuguzi anayepanga kufokea benchi azisome namba hizo mbili pamoja. Kuambukizwa kumegawiwa karibu sawa. Kufa ndiko kulikogawiwa kwa upendeleo, na kati ya kuambukizwa na kufa kuna saa chache tu, ambazo mama aliyeaibishwa anazitumia kuchemsha chupa na kutafuta gauni jipya.

Tulikaa wodini siku nne. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano katika hospitali za umma ni bure kwa sera ya nchi, na hilo nalishukuru, lakini kulazwa kuna gharama ambazo hazimo kwenye sera: nauli, chakula cha anayelala chini ya kitanda, sabuni, nepi, vocha ya kumtafuta baba visiwani. Mume wangu aliacha mtumbwi, akaja. Giza likaisha tukiwa ndani. Daftari langu nililikuta kwa mwingine, kama nilivyojua. Kikoba chetu kilinikopesha, na deni hilo nililimaliza Pasaka ya mwaka uliofuata. Mzidishe huyo mmoja kwa wodi nzima: kabla ya chanjo, katika hospitali zilizokuwa zikifuatilia, karibu watoto wanne kati ya kila kumi waliolazwa kwa kuharisha walikutwa na rota. Wote wale wamelala wawili wawili kitandani, na kila mmoja ana mama aliyeacha mizani, au meza ya nyanya, au shamba, mahali fulani.

Chanjo ilizinduliwa nchini Desemba 2012 na ikaanza kutolewa kliniki Januari 2013, pamoja na ile ya nimonia. Mdogo wake Kabula alizaliwa 2014, akapata dozi mbili, wiki ya sita na wiki ya kumi. Ni ya kudondoshea mdomoni, haina sindano. Alikunja uso akataka kuitema, muuguzi (mwingine kabisa, mcheshi) akamziba kwa titi langu. "Hii ya kuhara, mama," alisema, kama mtu anayekukabidhi chenji.

Kuna jambo kuhusu chanjo hii ambalo watu husimuliana nusu. Utasikia: "Haifanyi kazi kwetu, wa kwangu alichanjwa na akaharisha." Kweli, inafanya kazi pungufu kwetu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ilizuia karibu asilimia 77 ya ugonjwa mkali wa rota Afrika Kusini, na Malawi karibu asilimia 49. Nusu tu, mtu atasema, ya nini? Lakini karani wa mizani hatazami asilimia kabla ya kuuliza asilimia ya gunia lipi. Malawi ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi, kwa hiyo ile nusu iliwaokoa wengi zaidi: kwa kila watoto mia waliochanjwa, karibu saba waliepushwa ugonjwa mkali kwa mwaka, na Afrika Kusini wanne. Nusu ya mtumbwi uliojaa inazidi robo tatu ya ndoo.

Wapo pia wanaoogopa utumbo kujikunja, yaani kipande kimoja cha utumbo kuingia ndani ya kingine. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli: chanjo ya kwanza kabisa ya rota iliidhinishwa Marekani 1998 na ikaondolewa 1999 kwa sababu hiyo. Iliyoletwa kwetu ni nyingine, na ilifuatiliwa katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo. Matokeo yaliyotoka 2018 hayakuonyesha kwamba iliongeza hatari hiyo. Namheshimu mzazi anayeuliza swali hili kuliko yule anayepeleka mtoto bila kuuliza na kumkosesha dozi ya pili kwa uvivu.

Huyu mdogo naye alitapika, akiwa na miezi kumi. Safari hii nilikuwa na pakiti ndani, kwenye kopo la majani ya chai. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, yaani chupa mbili za nusu lita, yote kwa mara moja. Ukiigawa kwa macho unaweza kupata chumvi kali ambayo inadhuru. Kijiko kimoja cha chai kila baada ya dakika moja au mbili. Akitapika, unangoja dakika kumi, unaanza tena taratibu zaidi. Inachosha kuliko kupalilia. Katikati ya usiku mkono unakufa ganzi, na mtoto anakutazama kama unamwonea. Kunyonya anaendelea. Zinki, kidonge cha miligramu 20 kilichoyeyushwa kwenye kijiko cha maziwa, kila siku kwa siku kumi, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Wa chini ya miezi sita hupewa nusu. Yanayobaki kwenye jagi baada ya saa ishirini na nne unamwaga. Na dalili za kwenda hospitali hazingojei jagi liishe: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakizama, damu ikionekana.

Asubuhi nilikwenda naye Mwaloni nikamfunga kwenye kanga, nikamtundika kwenye mizani ya sangara. Mzee mmoja wa pale akauliza kilo bei gani. Alikuwa amepungua gramu 150. Kama ni rota ile, sina hakika, hakuna aliyepima.

Niliuliza baadaye kwa nini ile pakiti inafanya kazi wakati maji matupu yanapita tu. Jibu lilinipendeza. Rota huharibu vile vijidole vidogo vya ukuta wa utumbo vinavyofyonza maji, lakini haiharibu kila kitu. Unabaki mlango mmoja ambao chumvi na sukari huingia kwa kushikana mikono. Mmoja peke yake hapiti vizuri, wakiwa wawili wanapita na maji yanawafuata. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Bongaon, India, kipindupindu kimewaka na dripu zimemwishia. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa yenye koki, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Waliowanywesha walikuwa mama zao na dada zao, si wauguzi. Ndiyo dawa ambayo mimi ningeona nimedharauliwa kupewa.

Mwaka 2010, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, 81 walikuwa hawafiki miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Vyandarua vimo humo, chanjo nyingine zimo, mengi yamo. Siwezi kuupima mchango wa dozi zile mbili peke yake. Arobaini na tatu bado ni darasa zima.

Tulihama Igogo. Sasa tuko Buhongwa, bomba liko uani na choo kina vigae. Kabula yuko kidato cha pili, ana maneno mengi na anakataa kuamini kwamba aliwahi kunyolewa upande mmoja. Mwezi uliopita, Jumatano usiku, aligonga binti anayekaa nyumba ya pili, mpya mtaani, nadhifu kupita sisi wote, yule anayefua mapazia kila wiki. Mtoto alikuwa mgongoni, miezi saba hivi.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usiku huu."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Hakupita. Alibaki kizingitini, akimtikisatikisa mtoto. "Anatapika kidogo na tumbo limemwendesha. Bibi yake kanipigia simu anasema ni meno. Nimemwogesha, nimechemsha vyombo vyote mama, vyote." Alilisema mara mbili lile vyote.

"Vyombo vyako ni visafi," nilimwambia. "Ameanza saa ngapi?"

Akafikiri. "Kama saa kumi na mbili."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu kasorobo. Nikaandika kwenye ukingo wa kalenda: Jumatano, saa 12 jioni. Kabula alikuwa ameshashusha kopo la majani ya chai. Nikavuta kiti cha pili, nikampa binti kijiko.